Uwezekano wa Zamu katika Safu Iliyopangwa kwa Kura: Ufafanuzi kwa Mfano wa Upatu wa Watu Kumi na Wawili, Shelui, Wilaya ya Iramba

Ikisiri

Makala haya yanafafanua namna ya kukokotoa uwezekano wa mtu kuangukia zamu fulani pale ambapo watu wamepangwa katika safu kwa kura. Mfano unaotumika ni upatu wa wanachama 12, ambao umetungwa kwa ajili ya ufafanuzi na kuwekwa Shelui, mkoani Singida, kwa sababu kalenda ya kilimo ya huko inaonyesha wazi kwa nini zamu moja haina thamani sawa na nyingine. Makala yanajadili pia istilahi. Neno "nafasi", ambalo waandishi wengi hulitumia kwa dhana ya uwezekano, linabeba vilevile dhana ya mahali katika safu, na mkanganyiko huo umeingia hata katika maandishi ya kitaaluma. Inaonyeshwa kwamba malalamiko mengi kuhusu kura za upatu yanatokana na kutotofautisha maswali mawili: uwezekano wa jambo kumpata mtu fulani, na uwezekano wa jambo hilo hilo kumpata mtu yeyote.

1.0 Utangulizi

Shelui ni kata ya wilaya ya Iramba iliyo kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega. Jirani yake ni Sekenke, ambako Wajerumani walianza kuchimba dhahabu mwaka 1909, na mbuga ya Wembere. Riziki ya eneo hili inatoka katika kilimo, ambacho alizeti ni zao lake kubwa la biashara, katika mifugo, katika uchimbaji mdogo wa dhahabu na katika biashara ya wasafiri. Mvua za nyanda hizi za kati ni za msimu mmoja, takribani kuanzia Desemba hadi Aprili. Mwenye shamba huhitaji fedha nyingi kabla ya mvua, naye huzipata baada ya mavuno. Shilingi laki sita za mwezi Oktoba hununua mbegu na kulipia kulima. Laki sita zile zile mwezi Juni humkuta mtu akiwa tayari ameshauza au ameshakopa.

Hapo ndipo upatu, au "mchezo" kama wengi wanavyouita, unapopata umuhimu wake. Tuchukue kikundi cha watu 12. Kila mwezi kila mmoja anatoa shilingi 50,000, na jumla ya 600,000 inakwenda kwa mmoja wao. Mchezo unaanza Julai na kumalizika Juni. Aliye na zamu ya kwanza anapokea 600,000 akiwa ametoa 50,000 tu, kwa hiyo ameazimwa na wenzake 550,000 bila riba. Aliye na zamu ya kumi na mbili ametoa 550,000 kwa miezi kumi na mmoja kabla ya kuona chochote, na hapati ziada hata senti moja. Katika mchezo usio na riba, kitu pekee kinachogawa faida na hasara hizo kati ya wanachama ni kura inayopanga safu. Kura ikiwa mbovu, au ikidhaniwa kuwa mbovu, kikundi huvunjika.

Kuna jambo la pili lililonisukuma kuandika. Elimu ya msingi nchini Tanzania imetolewa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, lakini mada ya uwezekano kwa muda mrefu imefundishwa katika kidato cha nne, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Mwanachama wa upatu aliyeishia darasa la saba anaijua kura kwa mikono yake, lakini hesabu za kura hajawahi kuzisikia kwa lugha yoyote. Aliyefika kidato cha nne amezisikia, ila kwa maneno asiyoyatumia anapokaa kwenye mkeka kuokota karatasi.

2.0 Maneno manne: nafasi, zamu, kura na nasibu

Tazama sentensi hii, ambayo ni ya kawaida kabisa: "Kila mwanachama ana nafasi sawa ya kupata nafasi ya kwanza." "Nafasi" ya mwanzo ni uwezekano, ya pili ni mahali katika safu. Msomaji anaelewa kwa msaada wa muktadha. Lakini jaribu: "Nafasi ya mwanachama wa tatu haijulikani." Je, hatujui atakuwa wa ngapi kupokea, au hatujui ana uwezekano gani wa kupokea mapema? Katika hesabu za safu hayo ni mambo mawili tofauti kabisa: la kwanza halijulikani hadi karatasi ifunguliwe, la pili linajulikana tangu mwanzo. Lugha inayoyaita yote mawili "nafasi" inamlazimisha msomaji kubahatisha mahali ambapo hapaswi.

Kwa sababu hiyo, katika makala haya mahali pa mtu katika safu panaitwa zamu, neno ambalo wacheza upatu wenyewe hulitumia, na kipimo cha kutarajiwa kwa tukio kinaitwa uwezekano. Neno "nafasi" halitumiki tena kuanzia hapa.

"Kura" nalo lina pande mbili. Asili yake ni Kiarabu, ambako lina maana ya kitu kinachookotwa ili kuamua kwa bahati. Kiswahili kimelipa pia maana ya uchaguzi wa hiari: mtu anapiga kura kumchagua diwani. Kikundi kikisema "tulipanga zamu kwa kura", mtafiti asiyeuliza zaidi anaweza kuandika kwamba wanachama walichagua nani atangulie, kumbe waliokota karatasi. Tofauti hiyo ni kubwa, kwa sababu kanuni zinazofuata zinafanya kazi katika kuokota tu. Humu, kura ni ya kuokota.

La mwisho ni "nasibu". Wapo wanaosema "kwa bahati" pale wanapotaka kueleza kwamba mpangilio haukuelekezwa na mtu. "Bahati" katika matumizi ya kila siku ni sifa ya mtu: huyu ana bahati, yule hana. "Kwa nasibu" inaelezea utaratibu, si mtu, na utaratibu ni wa nasibu pale kila mpangilio unapokuwa na uwezekano ulio sawa na wa mwingine. Huo ndio msingi wa hesabu zote zilizomo humu. Ukiondoka, hakuna kinachosimama.

3.0 Kanuni ya msingi

Mpangilio ni orodha kamili inayosema nani ana zamu gani. Zamu ya kwanza inaweza kwenda kwa yeyote kati ya 12. Ya pili kwa yeyote kati ya 11 waliobaki. Ya tatu kati ya 10. Na kuendelea hadi ya mwisho. Idadi ya mipangilio ni 12 × 11 × 10 × … × 2 × 1, yaani faktoria ya 12, ambayo ni 479,001,600.

Mipangilio mingapi inamweka mwanachama A katika zamu ya kwanza? Tukimfunga A hapo, wengine 11 wanapangika kwa njia 39,916,800. Tukigawanya idadi hiyo kwa idadi yote tunapata 1/12. Hesabu haibadiliki tukimfunga katika zamu ya saba au ya kumi na mbili. Kwa hiyo kila mwanachama ana uwezekano wa 1/12 wa kuangukia kila zamu, na kwa kuwa zamu moja inazuia nyingine, uwezekano wa zamu kadhaa hujumlishwa. Mkulima anayetaka fedha kabla ya mwisho wa Novemba anahitaji mojawapo ya zamu tano za mwanzo, Julai hadi Novemba. Uwezekano wake ni 5/12, karibu 0.417.

Katika michezo mingi kijumbe, yaani anayekusanya fedha na kubeba lawama za wasiotoa, hupokea kwanza bila kuokota. Ni ujira wake. Basi karatasi zinabaki 11 na zamu za mapema zinazogombewa ni nne. Uwezekano wa kila mwanachama mwingine unashuka kutoka 5/12 hadi 4/11, yaani kutoka 0.417 hadi 0.364. Gharama ya kijumbe kwa kila mwenzake ni takribani asilimia tano za uwezekano. Sisemi kwamba ni ghali. Nasema inahesabika, na kikundi kinachoihesabu kinaweza kuijadili.

4.0 Je, anayeokota kwanza ana faida?

Hili ndilo swali linalozua ugomvi kuliko yote. Wapo wanaoamini kwamba aliyetangulia kuokota ana faida kwa kuwa karatasi nzuri bado zipo. Wapo wanaoamini kinyume chake, kwamba wa mwisho ndiye mwenye faida kwa kuwa wenzake wameshamwondolea karatasi mbaya. Pande zote mbili zina hoja iliyo nusu, na nusu mbili hizo zinafutana.

Anayeokota wa kwanza ana uwezekano wa 1/12 wa kupata karatasi yenye namba 1. Anayeokota wa pili ataipata iwapo wa kwanza ameikosa, jambo lenye uwezekano wa 11/12, kisha yeye akaichagua kati ya 11 zilizobaki. Tunazidisha: 11/12 × 1/11 = 1/12. Wa tatu: 11/12 × 10/11 × 1/10 = 1/12. Kila kiasi kinafutwa na asili inayofuata, hadi kwa wa kumi na mbili, ambaye hachagui kitu bali anachukua kilichosalia. Uwezekano wake nao ni 1/12. Mpangilio wa kuokota haubadilishi chochote.

Kwa nini basi watu hawaamini? Nadhani ni kwa sababu ya desturi ya kufungua karatasi papo hapo. Tuseme watatu wameokota na kufungua, na namba 1 haijatoka. Uwezekano wa kila mmoja wa tisa waliobaki umepanda kutoka 1/12 hadi 1/9, na wanahisi hivyo. Kama namba 1 ilishatoka, uwezekano wao umeanguka hadi sifuri, na wanahisi hivyo pia. Huu ni uwezekano wenye sharti: unategemea kile kilichokwisha kujulikana. Tukipima hali zote mbili kwa uzito wake kabla ya kura kuanza, tunapata 9/12 × 1/9 + 3/12 × 0, ambayo ni 1/12 ile ile.

Kwa maneno mengine, wa mwisho hana hasara wala faida. Ana kusubiri tu, na kusubiri kunamwonyesha uwezekano wake ukipanda na kushuka mbele ya macho yake. Kikundi kinachotaka kuepusha manung'uniko kinaweza kukubaliana kwamba kila mtu aokote, kisha karatasi zote zifunguliwe pamoja. Hesabu inabaki ile ile, ila hakuna anayeketi akitazama uwezekano wake ukifa.

5.0 Watu wawili katika safu

Kaya nyingi huingiza watu wawili katika mchezo mmoja, kwa mfano mama na binti yake, wakitegemea kwamba yeyote atakayetangulia ataokoa shamba la wote. Kosa la kawaida hapa ni kuzidisha 5/12 kwa 5/12 ili kupata uwezekano wa wote wawili kupokea kabla ya mwisho wa Novemba. Jibu la kosa hilo ni 25/144, karibu 0.174. Lakini matukio haya si huru: mama akishika mojawapo ya zamu tano, binti anabakiwa na nne kati ya 11. Uwezekano sahihi ni 5/12 × 4/11 = 5/33, karibu 0.152.

Njia nyingine ya kufika hapo ni kuhesabu michaguo. Zamu mbili zinaweza kuchaguliwa kati ya 12 kwa njia 66, bila kujali ipi ni ya nani. Jozi zilizomo zote katika tano za mwanzo ni 10, jozi zilizomo zote katika saba za mwisho ni 21, na zilizobaki, 35, zina moja huku na moja kule. Kwa hiyo uwezekano wa angalau mmoja kupokea mapema ni 45/66, sawa na 15/22 au 0.682. Kaya ya mtu mmoja ina 0.417, ya watu wawili ina 0.682. Ongezeko hilo limelipiwa, bila shaka, kwa kuwa kaya inatoa 100,000 kila mwezi. Lakini faida hapa haiko katika kupata fedha mara mbili tu. Iko katika kupunguza uwezekano wa kuikosa mvua kabisa, kutoka 0.583 hadi 0.318.

Je, uwezekano wa wawili hao kufuatana ni upi? Jozi za zamu zinazofuatana katika safu ya 12 ni 11: ya kwanza na ya pili, ya pili na ya tatu, hadi ya kumi na moja na ya kumi na mbili. Uwezekano ni 11/66, yaani 1/6. Hapa pana jambo la kuangalia. Vikundi vingine, mzunguko ukiisha, huanza upya kwa mpangilio ule ule bila kura nyingine. Hapo safu imegeuka kuwa duara, kwa kuwa zamu ya kumi na mbili inafuatwa na ya kwanza. Jozi zinazofuatana zinakuwa 12 na uwezekano unapanda hadi 12/66, au 2/11. Mtafiti anayehesabu ujirani katika safu lazima aulize kwanza kama safu hiyo ina mwisho.

Tumalizie na watu watatu, kwa sababu wanadanganya akili kuliko wawili. Uwezekano wa A kumtangulia B ni nusu, na wa A kumtangulia C ni nusu. Tukiambiwa kwamba A amemtangulia B, je, uwezekano wa A kumtangulia C unabaki nusu? Wengi hujibu ndiyo. Mipangilio ya watatu hao ambamo A yuko mbele ya B ni ABC, ACB na CAB. Katika miwili kati ya hiyo mitatu A yuko mbele ya C. Uwezekano umekuwa 2/3. Habari kwamba A amemtangulia mtu mmoja ni ushahidi mdogo kwamba yuko mbele katika safu nzima, hata kama C hakutajwa.

6.0 Mtu fulani na mtu yeyote

Tuje sasa kwenye shutuma. Kikundi kimemaliza mzunguko na kuokota upya. Mwanachama mmoja, aliyekuwa miongoni mwa watatu wa mwisho mwaka uliopita, anajikuta tena miongoni mwa watatu wa mwisho. Anakokotoa, kwa karatasi au kwa hisia: uwezekano wa kuwa katika zamu tatu za mwisho ni 3/12, yaani 1/4, mara mbili mfululizo ni 1/16. Jambo lenye uwezekano mdogo hivyo haliji bure, anasema. Kuna mkono wa mtu. Katika vikao vya namna hii maneno hayachelewi kutoka kwa kijumbe na kufika kwa mganga.

Hesabu yake ni sahihi, lakini swali silo. Yeye hakuteuliwa kabla ya kura. Amejitokeza baada ya kura, kwa sababu ndiye yaliyemkuta. Angekuwa mwingine, mwingine ndiye angelalamika. Swali linalofaa ni: je, kuna uwezekano gani wa mtu yeyote kati ya 12 kukutwa na jambo hilo? Watatu wa mwisho wa mwaka jana wanajulikana. Ili asiwepo hata mmoja wao aliyerudia, watatu wa mwisho wa mwaka huu lazima watoke wote kwa wale tisa wengine. Michaguo ya watatu kati ya tisa ni 84. Michaguo ya watatu kati ya 12 ni 220. Uwezekano wa kutokuwepo mlalamikaji ni 84/220, karibu 0.382, na uwezekano wa kuwepo angalau mmoja ni 136/220, karibu 0.618.

Kwa hiyo tukio ambalo mhusika analiona kuwa moja kati ya kumi na sita, kikundi kinapaswa kulitarajia mara nyingi zaidi kuliko kutolitarajia. Kiswahili kina maneno ya kutenganisha maswali haya mawili bila kukopa: "fulani" ni aliyeainishwa kabla, "yeyote" ni atakayejitokeza. Ni ajabu kidogo kwamba vitabu vya hesabu huhangaika na istilahi ngumu ilhali tofauti iliyo ya maana zaidi imo katika maneno mawili ambayo mtoto wa darasa la pili anayajua.

Shutuma ya pili inafanana na hiyo: "Fulani ameokota namba ile ile aliyoipata mwaka jana." Hili ni tatizo la kale. Pierre Rémond de Montmort alilichapisha Paris mwaka 1708 katika kitabu chake kuhusu michezo ya bahati, akilitoa katika mchezo wa karata kumi na tatu. Swali ni kwamba tukipanga upya vitu vilivyokuwa vimepangwa, kuna uwezekano gani wa kisiwepo hata kimoja kilichorudi mahali pake? Kwa vitu 12, mipangilio ambamo kila kimoja kimehama ni 176,214,841. Tukigawanya kwa 479,001,600 tunapata takribani 0.368. Basi uwezekano wa angalau mwanachama mmoja kurudia zamu yake ni karibu 0.632.

La kushangaza ni kwamba idadi ya wanachama haina uzito hapa. Kikundi cha watu 8, cha 12 au cha 30 kina karibu uwezekano ule ule wa 0.632. Sababu inaonekana tukitazama wastani: kila mmoja ana uwezekano wa 1/12 wa kurudia, na wako 12, kwa hiyo wastani unaotarajiwa wa wanaorudia ni mmoja. Wakiwa 30, kila mmoja ana 1/30, na wastani ni mmoja tena. Kikundi kinachoshtuka kuona mtu mmoja amerudia zamu yake kinashtushwa na wastani.

Sikusudii kusema kwamba udanganyifu haupo. Akirudia mtu yule yule zamu ya kwanza miaka mitatu mfululizo, na mtu huyo ndiye anayekunja karatasi, uwezekano wa jambo hilo kwa nasibu ni 1/12 × 1/12 × 1/12, yaani 1/1,728, na yeye aliainishwa kabla ya kura kwa kazi yake. Hapo "fulani" ni fulani kweli.

7.0 Karatasi zisizochanganywa

Yote yaliyotangulia yamesimama juu ya dhana kwamba kila mpangilio una uwezekano sawa. Dhana hiyo hailetwi na nia njema. Inaletwa na mikono inayochanganya. Mfano unaojulikana zaidi duniani ni wa Marekani. Tarehe 1 Desemba 1969 serikali ya nchi hiyo iliokota tarehe za kuzaliwa ili kupanga safu ya vijana wa kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe 366 ziliwekwa katika vidonge, mwezi baada ya mwezi, na tarehe ya kwanza kuokotwa ilikuwa 14 Septemba. Waliozaliwa tarehe hiyo wakawa wa kwanza katika safu.

Kura ikiwa ya nasibu, wastani wa namba za kila mwezi unapaswa kukaribia 183.5, ambayo ni nusu ya 367. Wastani wa Januari ulikuwa 201.2 na wa Machi 225.8, wa Desemba ulikuwa 121.5. Miezi ya mwisho wa mwaka iliingizwa mwisho, haikuchanganywa vya kutosha, ikabaki karibu na mkono. Fienberg (1971) alionyesha kwamba mwelekeo wa namna hiyo ni vigumu sana kuuhusisha na nasibu. Hakuna aliyethibitishwa kudanganya, waliharakisha tu. Kwa kura iliyofuata, mwaka 1970, walitumia vyombo viwili, kimoja cha tarehe na kingine cha namba, na kuviokota kwa pamoja.

Kwa upatu wa watu 12 somo lake ni la vitendo. Anayeandika namba 1 kwanza na 12 mwisho, akazitumbukiza kwa mpangilio huo katika bakuli, ameweka 12 juu. Wanaoogopa kuonekana wakichokonoa huchukua karatasi ya juu. Katika hali hiyo anayetangulia kuokota hana tena 1/12. Ana mzigo wa zamu za mwisho, na ule usawa wa sehemu ya 4.0 unapotea. Karatasi zikiwa za ukubwa mmoja, zikikunjwa mara sawa na mtu ambaye hataokota, zikatikiswa katika chombo chenye mdomo mwembamba kuliko bakuli, kosa hili hupungua sana. Vyombo viwili, kimoja cha majina na kingine cha namba, hulipunguza zaidi, kwa sababu ili upendeleo upenye, lazima uchanganyaji uharibike pande zote mbili kwa namna inayolingana.

8.0 Anayejitoa baada ya kura

Limebaki jambo moja ambalo vikundi hulitatua kwa mabishano. Kura imepigwa, na kabla ya mwezi wa kwanza mwanachama mmoja anajitoa. Je, waliobaki 11 wasogee mbele kujaza pengo, au waokote upya?

Tumfuate mwanachama A na zamu zake tano za mapema. Alizipata moja kwa moja kwa uwezekano wa 5/12. Kama ana zamu ya sita, uwezekano wa 1/12, atasogea hadi ya tano iwapo aliyejitoa alikuwa katika mojawapo ya tano za mbele yake. Ikiwa kujitoa hakuhusiani na zamu, uwezekano wa hilo ni 5/11. Jumla ni 5/12 + 1/12 × 5/11, ambayo ni 60/132, sawa na 5/11. Hicho ndicho kiasi hasa ambacho A angekuwa nacho katika kura mpya ya watu 11. Kwa hiyo kusogea kunatosha, na anayedai kura mpya kwa jina la haki hana hoja ya hesabu. Mara nyingi ana zamu ya kumi.

Lakini sharti lililotajwa ni zito. Kwa kawaida anayejitoa mapema ni yule aliyeona zamu yake ikawa ya mwisho. Akitoka wa kumi na mbili hakuna anayesogea. Mwanachama wa sita anabaki wa sita, na anapokea Desemba, mvua ikiwa imeshaanza. Kinachobadilika ni kiasi tu: badala ya 600,000 anapokea 550,000. Mapato ya kila mwezi yamepungua kwa wote, na zamu za mapema hazijaongezeka kwa yeyote. Ndiyo maana baadhi ya vikundi hudai mchango wa mwezi wa kwanza utolewe kabla karatasi hazijafunguliwa: anayetaka kujitoa ajitoe wakati bado hajui zamu yake, ili kujitoa kwake kubaki tukio huru, na hesabu ya 5/11 ibaki kweli.